Daktari Mpya wa Meno na Kopo Langu la Misumari

Mshauri mpendwa, pole na kazi ya kubeba shida za watu wasiokujua, na mimi leo nakuongezea yangu juu ya hizo ulizo nazo, ila naomba uwahi kuijibu kwa sababu Jumatano saa nne asubuhi natakiwa kurudi kwa daktari mpya wa meno nikang'olewe jino, na mpaka sasa ninapoandika sijui niende, nisiende, au nilitoe mwenyewe kwa koleo langu la kazini mambo yaishe.

Mimi ni fundi makochi, nina miaka hamsini na mbili, mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita, watoto wameshaoa na kuolewa, na mtu niliyebaki naye karibu ni dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na sasa tunafanya kazi pamoja karakana moja, mimi nagonga fremu na kuweka springi na sponji, yeye anashona vitambaa. Dada ni mtu mzuri sana, mshauri, nataka uelewe hilo kabla sijafika mbali, ila dada akishasema jambo limesemwa, hata mbao zinanyooka.

Sasa meno. Miaka ishirini mizima mimi nilikuwa na mtu wangu wa meno, tulimwita Mzee Koleo, na kwake mambo yalikuwa mepesi, unaingia, unakaa kwenye stuli, unaonyesha kwa kidole, anakudunga ganzi, anang'oa, anakubandika pamba, unarudi kazini ukiwa na mdomo mzito lakini roho nyepesi, na hakuwahi kuniuliza kitu chochote zaidi ya "Hili?" Kanitolea matatu kwa mtindo huo. Alikuwa akisema dawa ya jino ni kung'oa, mengine ni maneno. Basi mwaka huu macho yamemgomea, kastaafu, kahamia kwa mwanawe, na mwezi uliopita gego langu la juu, upande wa kulia, likaanza kuniuma mpaka nikawa nashindwa kula mkate bila kuuloweka, dada akasema basi, twende kwa huyu daktari mpya aliyefungua pale juu ya duka la dawa, na mimi nakwenda na wewe, mgonjwa wangu simwachi kwa watu nisiowajua.

Tukafika, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyikiwa na hakijatulia hadi leo. Kwanza nilipewa fomu. Kurasa mbili, mshauri, kwa jino moja! Wanataka jina, umri, kazi, mtu wa kumpigia simu likitokea jambo, jambo gani hilo mimi sikuambiwa, halafu kuna vijisanduku, una presha, una sukari, una tatizo la moyo, una tatizo la damu, kuna dawa inayokudhuru, ulishawahi kulazwa. Kwenye kazi nikaandika "biashara" kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Kwenye damu nikaweka hapana. Damu yangu haina tatizo, mimi shida yangu ilikuwa mguu, nitakueleza. Pale pa dawa unazotumia nikapaacha wazi, nikamrudishia binti wa mapokezi karatasi yake, dada yuko pembeni ananinyooshea kola ya shati kana kwamba tunakwenda kupiga picha ya harusi.

Na picha kweli nikapigwa! Daktari mwenyewe ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, amevaa barakoa kwa hiyo hujui anacheka au amekasirika, ananiita baba, sauti ya upole, akanilaza kwenye kiti kikashuka chali miguu ikawa juu kuliko kichwa, na mimi jicho la kazi halilali, nikaona kile kiti mshono umeachia kwenye kona, nikataka kumwambia ningemtengenezea, lakini tayari alikuwa ameshanijaza kioo na kindoano mdomoni. Akawa anagusa jino moja moja huku anamtajia msaidizi wake namba, kumi na tano lipo, kumi na nne halipo, na msaidizi anaandika, nikasema sawa, anahesabu, haina shida. Mara nasikia, "Arobaini na sita, limeoza mpaka ndani." Mshauri! Binadamu ana meno thelathini na mawili, nilifundishwa shuleni, na mimi matatu alishayachukua Mzee Koleo, sasa arobaini na sita limetoka wapi? Nikamtazama dada, dada akanitazama, tukaona labda ndiyo elimu ya siku hizi.

Halafu akasimama, akaniuliza, "Baba, wewe unashika misumari kwa meno?" Nusura nianguke kwenye kiti. Fundi makochi yeyote anashika misumari midogo mdomoni, mkono mmoja una nyundo, mwingine unavuta kitambaa, sasa misumari utaiweka wapi, lakini yeye alijuaje? Fomu nimeandika biashara. Nikamuuliza nani kakwambia, akasema, "Meno yako ya mbele yameniambia, yana vijipengo." Sikupenda, mshauri. Mtu anayeusoma mdomo wako hivyo ataona na mengine.

Na kweli akaendelea. Napiga mswaki mara ngapi kwa siku. Sasa ukiulizwa hivyo mbele ya dada aliyekulea unajibu nini? Nikasema mara mbili. Dada akakohoa. Nasaga meno usingizini? Nitajuaje, nimelala! Halafu akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia, baba? Hata moja, hata ile ya kila siku uliyoizoea?"

Hapa sasa niungame. Mwaka jana mguu wangu wa kushoto ulivimba kama mto wa kochi, hospitali kubwa wakasema damu imeganda ndani, wakanilaza, wakanitoa na vidonge vya kumeza kila siku jioni, pamoja na kadi ndogo ya kutembea nayo yenye jina la dawa, wakasema nisiache mpaka waniambie wao. Nilipotoka, dada ndiye aliyenihudumia, kanikanda ule mguu kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni, kanipikia, kanitembeza uani nimemshika bega, na mguu ukapungua nikarudi kazini. Tangu siku hiyo kila mteja anayeingia karakana anaambiwa, "Mnamwona huyu? Nimemwinua kwa mikono yangu hii." Na alishasema mbele ya watu kwamba vidonge vya kila siku ni vya watu wasio na mtu wa kuwaangalia. Sasa mshauri, mimi nitamezaje vidonge mbele ya mtu kama huyo? Si nitakuwa namwambia mikono yake haikufanya kitu? Kwa hiyo vidonge na ile kadi nikavitia kwenye kopo langu la misumari midogo, lile la zamani lisilo na misumari tena, naenda nalo kazini na kurudi nalo nyumbani, namezea stoo nyuma ya marobota ya sponji, mwaka mzima sasa. Wiki ile kabla ya kwenda kwa daktari niliwahi kuondoka nikalisahau juu ya meza ya kukatia, na jioni nasikia hodi, ni dada, kapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na magoti yake yale mabovu, kalikumbatia kopo, anahema, "Umesahau misumari yako." Nikamwambia si ungeiacha tu mpaka asubuhi, akasema, "Nimeona utaihitaji." Nilitoka jasho, lakini nashukuru hakulifungua.

Basi daktari kauliza, kuna dawa yoyote. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, kofia yangu iko mikononi mwake anaizungusha. Akanitazama. Akanitazama muda mrefu mpaka daktari naye akageuka kumtazama yeye. Nikasema hakuna. Dada akashusha macho kwenye kofia akasema, "Umemsikia mwenyewe." Na hayo yakapita. Kwani jino na mguu wapi na wapi?

Mwisho wa yote, hakung'oa! Tumekaa saa nzima, kanivika aproni nzito kifuani, kaning'atisha kijidude cha plastiki kanipiga picha ya taya, kanionyesha kivuli fulani kwenye kioo cha kompyuta, akasema jino lenye makosa ni la chini, siyo hilo la juu. Mshauri, linaloniuma ni la juu! Mdomo ni wangu, maumivu ni yangu! Akasema nirudi Jumatano alitoe hilo la chini, akaniandikia vidonge vya maumivu vya kunifikisha hapo, tukateremka ngazi na jino langu vilevile kama tulivyopanda nalo. Vile vya maumivu nameza tangu Jumatatu na vinasaidia, ila tangu juzi nikipiga mswaki sinki linakuwa jekundu, sijui kile kindoano chake kilinikwaruza.

Sasa maswali yangu ni haya, na nisamehe yamechanganyika kama nilivyochanganyika mimi. Huyu ni daktari kweli au anajifunzia kwangu? Meno arobaini na sita ni ya nani? Atanitoleaje jino lisiloniuma aniachie linaloniuma? Na lile la dawa linanisumbua moyoni, sikulelewa niwe mwongo, kwa hiyo nimepata wazo, kuanzia Jumapili niviache vile vidonge vya mguu, maana mguu wenyewe umeshapona, na nikiacha, Jumatano nikiulizwa tena nitasema situmii na itakuwa kweli, na dada naye atakuwa hajadharauliwa. Unaonaje hilo? Ila kama ni kosa niambie mapema.

Ni mimi,
Fundi wa makochi, kichwa kimevurugika

*

Fundi,

Salamu nitakupa mwishoni. Gazeti hili linatoka Jumamosi na wewe umepanga kuacha vidonge Jumapili, kwa hiyo sina nafasi ya kukuzungusha. USIACHE. Kidonge cha leo jioni meza kwa saa yake. Kama ulishatangulia kuacha, usijilipizie kwa kumeza viwili, pigia simu hospitali waliokupa ile kadi uwaambie ukweli, na ufanye watakavyokwambia. Nimemwomba mtu wa hapa ofisini akupigie kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, kapiga mara tano hupokei. Nadhani ulikuwa unagonga misumari.

Sasa vuta kiti tuongee.

Umeniandikia kurasa nne ukiuliza habari za kindoano na aproni, na jambo lenyewe la barua umelitia katikati kama mtu anayeficha tundu la kochi kwa mto. Jino na mguu wapi na wapi, unaniuliza mimi. Nikuulize na mimi, damu ya mguuni kwako inakaa mguuni tu? Ina geti? Umeambiwa damu iliganda, ukapewa vidonge ili isigande tena. Havikanyagi mguuni peke yake, vinafanya kazi mwili mzima, mpaka kwenye fizi. Jino likitoka linaacha shimo, na shimo hilo linafungwa na nini? Na damu hiyo hiyo kuganda. Yule binti angeng'oa akitegemea damu isimame kwa dakika chache, na wewe ungekaa pale unatema, unatema, dada yako anakutazama, na daktari hajui kwa nini kwa sababu wewe umemwambia hakuna. Halafu kesho yake mngesema huyu binti si daktari.

Na hilo sinki jekundu, fundi, usilisingizie kindoano! Kuna vidonge vya maumivu visivyopatana hata kidogo na dawa kama yako. Alichokuandikia sikijui, na mimi siye daktari. Ila naye alikuandikia akiamini humezi kitu kingine. Acha hivyo vya maumivu, vya mguu usiache, usije ukavichanganya, na leo hii, siyo Jumatatu, teremka mpaka pale kwenye duka la dawa chini ya kliniki na kadi yako mkononi, uwaonyeshe pakiti zote mbili. Damu ikizidi, au ukiona inatoka mahali pengine popote, nenda hospitali moja kwa moja, usingoje Jumatano wala usiningoje mimi.

Nimekugombeza vya kutosha kwa sasa. Pole, kaka yangu. Kubeba maumivu mwezi mzima na siri mwaka mzima si kazi ndogo, na sikucheki kwa kuchanganyikiwa. Mtu aliyezoea stuli ya Mzee Koleo lazima apotee kwenye kiti kinacholala. Lakini hebu fikiri kama fundi. Mteja akikuletea kochi anasema linabonyea upande wa kulia, wewe unachukua nyundo pale pale unaanza kugonga? Hapana. Unaligeuza juu chini, unapapasa mikanda, unauliza lina miaka mingapi, nani analikalia, liliwahi kuloa maji. Saa nzima hujagonga msumari, na mteja mjinga anaona unapoteza wakati. Mara ya kwanza kwa daktari mpya ndivyo ilivyo. Hakujui. Mzee Koleo naye hakukujua, ila kwa miaka ishirini ulikuwa na bahati, na mguu wako ulikuwa bado haujavimba.

Hesabu ya meno nimemuuliza daktari mmoja wa meno ninayemfahamu, kacheka mpaka akakaa chini. Wanaugawa mdomo vipande vinne, kila kipande kina namba yake, halafu wanahesabu meno ya kipande hicho kutoka mbele kwenda nyuma. Arobaini na sita maana yake kipande cha nne, jino la sita. Ni gego lako la chini kulia, basi. Huna meno ya ziada, na yaliyotoka kwa Mzee Koleo hayajarudi.

Na la juu kuuma wakati mkosaji ni la chini, hilo nalo huwa linatokea, maumivu ya jino yanatangatanga, unaweza kuyasikia kwa jirani. Lakini hapa niko upande wako. Usikubali kung'olewa kitu usichokielewa. Mwambie akuwekee ile picha tena, akuonyeshe kwa kidole jino lipi, ameona nini, na la juu atalifanyaje likiendelea kuuma. Muulize kama kuna njia nyingine ya kuliokoa kabla ya kulitoa. Daktari mzuri hachukii kuulizwa, na huyu aliyekusoma misumari kwenye meno nina hakika ana majibu. Mdomo ni wako, umesema mwenyewe. Basi uutumie.

Tuje kwa dada, maana ndiye aliyekufanya ukaandika barua badala ya kupiga simu.

Umeniambia unaogopa kumdharau. Nimeisoma sehemu ile ya kopo mara tatu, fundi, na kila nikiisoma nasema, huyu mtu anaona mshono ulioachia kwenye kiti cha daktari akiwa amelala chali, lakini hili hakuliona! Kopo la misumari lina uzito. Likitikiswa linapiga kelele. Dada yako amefanya kazi kwenye karakana hiyo, anayajua makopo yako kama anavyojua sindano zake. Akalinyanyua, jepesi, linachakarika kidogo tu ndani. Kama angedhani ni misumari angeliacha pale mezani, maana misumari ni ya kazini na kazini unarudi asubuhi. Yeye akafunga karakana, akapanda ghorofa tatu kwa magoti mabovu, ili likufikie jioni hiyo hiyo. Dawa yako ya jioni. "Nimeona utaihitaji." Kaka, hakuna mtu anayepanda ngazi zote hizo kupeleka misumari.

Anajua. Sijui amejua tangu lini, labda tangu siku ya kwanza uliyojificha nyuma ya sponji ukidhani stoo haina masikio. Kwa daktari alikutazama muda mrefu kwa sababu alikuwa anakungoja wewe useme, na wewe ulipokataa, hakutaka kukuumbua mbele ya binti mdogo, akasema "Umemsikia mwenyewe." Hakusema hatumii. Soma barua yako uone. Alichokosea ni kuuacha uongo wako upite, na nitamgombeza na yeye, dada, kama unasoma hapa: umemlea mtu huyu mpaka amezeeka, na siku ile ulikuwa unampoteza kwa heshima. Kauli yako ya vidonge vya wasio na watu ifute leo, maana imemfanya huyu amezee gizani mwaka mzima. Mikono yako ilimwinua, hakuna anayebisha, na vidonge vilimshikilia asianguke tena, vyote viwili ni kweli na havigombani.

Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na nyinyi wawili mmefichana kitu ambacho kila mmoja anakijua.

Haya, fundi, fanya hivi. Leo duka la dawa, na kadi. Wakikwambia uende hospitali, nenda. Jumatatu asubuhi, kabla hujashika nyundo, pigia kliniki ya meno, sema jina lako, sema "nilijibu vibaya kuhusu dawa," taja dawa kama ilivyoandikwa kwenye kadi, na useme pia uliyoyaona kwenye sinki. Yule binti atataka kuongea na wa hospitali kubwa waelewane. Huenda Jumatano ikabaki Jumatano, huenda ikasogezwa mbele, huo ni uamuzi wao, siyo wako wala wa dada wala wangu. Pale pa wazi kwenye fomu pajaze kwa mkono wako. Mswaki pia sema ukweli, kikohozi cha dada kilishasema nusu yake. Na misumari uanze kuitia kwenye mfuko wa aproni yako, mdomo umeshachoka.

Na leo jioni, saa yako ya dawa ikifika, usiende stoo. Mwambie dada akuletee maji.

Siku mtakayorudi kwa daktari, nendeni wote wawili. Mpe kofia yako kama siku ile, mikono yake inahitaji kitu cha kushika. Kopo shika wewe, na ukiulizwa, lifungue.

Shikamoo kwa dada. Wewe nitakuamkia ukishapona.